Mlima mfupi usiupuuze

Shikamoo mzee. Mimi ni mpagazi, nabeba mizigo njia ya Machame, Kilimanjaro. Septemba nimealikwa Wales kutembea milima ya Rhinogydd. Kilele chake kirefu, Y Llethr, ni mita 756 tu, wakati geti la Marangu lenyewe liko juu ya 1,800. Kweli nahitaji maandalizi?
Msomaji, Majengo, Moshi

Marahaba, mwanangu. Unahitaji, tena sana. Nimetembea kule, na kilichonichosha ni ardhi, si urefu. Miamba imelala ovyo, na juu yake umeota mmea wa maua ya zambarau, jamii moja na erika unayopita ukitoka msituni kwenda Shira. Unakanyaga ukidhani ni udongo, kumbe chini kuna shimo kati ya mawe mawili. Mguu wangu ulizama hadi gotini, na kuuchomoa nilivua kwanza buti. Kilomita moja pale inaweza kula saa nzima.

Sehemu kubwa haina njia ya kueleweka. Jifunze ramani na dira sasa, maana ukungu ukishuka huoni hata mwenzako. Koti la mvua liwe la kweli. Mbuzi mwitu utawaona, hawana shida.

Anzia ziwa la Cwm Bychan, upande zile ngazi za mawe ziitwazo Ngazi za Warumi. Inaaminika zilijengwa karne nyingi baada ya Warumi kuondoka, kwa ajili ya farasi wa mizigo. Wapagazi wenzetu hao, mwanangu. Nilisimama pale muda mrefu.