Maswali na Majibu ya TEHAMA: Naona skrini ya seva, za wanafunzi sizioni

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nafundisha TEHAMA sekondari moja wilayani Kongwa. Maabara yetu ina mashine ndogo 20 zisizo na diski, zinawaka kupitia mtandao kutoka kwenye seva moja yenye Ubuntu 22.04 na LTSP (programu ya kuwasha mashine nyingi kutoka seva moja). Nataka nikae mezani nione skrini ya kila mwanafunzi na kumsaidia bila kuzunguka. Nimeweka x11vnc, programu ya kuangalia skrini kutoka mbali, kwenye seva. Nikiunganisha 192.168.67.1 naona skrini ya seva tu. Nikijaribu ya mwanafunzi, 192.168.67.31, muunganisho unakataliwa. Na je, nikiwa kwenye vikao Dodoma mjini naweza kuingia kutoka huko?

JIBU: Mwalimu, x11vnc yako ni nzima, ila imewekwa mahali ambapo skrini unazozitafuta hazipo. Kabla ya kuweka programu yoyote ya kuangalia skrini, jiulize kwanza skrini hiyo inachorwa na kompyuta ipi. Keti kwenye mashine ya mwanafunzi, fungua teminali, andika:

hostname

Ikijibu ltsp31, basi kazi yote inafanyika humo humo kwenye mashine ndogo: prosesa yake, RAM yake, skrini yake. Ndivyo LTSP ilivyo tangu iandikwe upya mwaka 2019. Seva hugawa mfumo na mafaili tu, haijui mwanafunzi amefungua nini. Ikijibu jina la seva, mashine hizo zinaingia kwa RDP (njia ya kutumia eneo-kazi la kompyuta nyingine kutoka mbali) na skrini zote ziko kwenye seva. Hapo dawa ni nyingine. Kwa maelezo yako, wewe uko kundi la kwanza.

Hata ujumbe uliopata unasema hivyo hivyo. "Umekataliwa" maana yake mashine 31 inapatikana, lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti 5900, mlango wa kawaida wa VNC, yaani njia ambayo x11vnc hutumia kutuma skrini. Ingekuwa imezimwa, au ukuta-moto umeizuia, ungesubiri muda mrefu mpaka muunganisho ukate wenyewe.

Ungeweza kuiwasha x11vnc kwenye kila mashine, ila kwa darasa sikushauri. Nywila ya VNC huhesabu herufi 8 za mwanzo tu, picha husafiri bila kufichwa, na faili la nywila lingekaa ndani ya imeji, yaani nakala ya mfumo ambayo kila mashine inaisoma kupitia mtandao. Wanafunzi wa kidato cha nne wataligundua kabla ya likizo. Tumia Epoptes, programu ya mwalimu kuangalia na kusimamia skrini za darasa. Yenyewe hugeuza mwelekeo: mashine ya mwanafunzi ndiyo inayoipigia seva kwenye poti TCP 789, kwa njia iliyofichwa, na x11vnc huamshwa pale tu unapobofya kuangalia.

Kwenye seva:

sudo apt install epoptes
sudo gpasswd -a mwalimu epoptes

Badala ya "mwalimu" weka jina lako la kuingilia, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Usipotoka, Epoptes itakataa kufunguka kwa kukosa ruhusa, na utadhani usakinishaji umeharibika.

Hapo kuna mtego wa Ubuntu 22.04. Eneo-kazi lake la kawaida, GNOME, hutumia Wayland, njia mpya ya kuchora skrini, na x11vnc inafanya kazi na ile ya zamani, X11, peke yake. Utaona majina yote 20 yakitokea, lakini picha zake ni nyeusi tupu. Fungua /etc/gdm3/custom.conf, chini ya [daemon] ondoa alama ya # mbele ya mstari huu:

WaylandEnable=false

Ukiwa na eneo-kazi la MATE au Xfce ruka hatua hii. Kusema kweli, kwa mashine zenye RAM ya GB 2, MATE inafaa kuliko GNOME hata kama usingetaka kuangalia skrini ya mtu.

Sasa hatua inayosahaulika kuliko zote. Mashine za wanafunzi hazisomi seva yako ilivyo sasa; zinasoma imeji uliyoitengeneza mara ya mwisho. Bila kuitengeneza upya, mabadiliko yote yataishia kwenye seva:

sudo ltsp image /
sudo ltsp initrd

Amri ya kwanza hubana mfumo mzima, kwa hiyo usiifanye kipindi kikiendelea. Angalia nafasi kwanza kwa df -h, maana imeji ya zamani hubakizwa kwa jina linaloishia .old. Amri ya pili ni fupi, na utairudia kila unapoongeza mtumiaji au kubadilisha ltsp.conf. Kisha zima na kuwasha mashine zote.

Kama ufw (ukuta-moto wa Ubuntu) imewashwa, ruhusu mtandao wa ndani peke yake:

sudo ufw allow from 192.168.67.0/24 to any port 789 proto tcp

Ukiona picha ndogo zinakuja lakini ukibofya kusaidia dirisha halifunguki, jua kwamba wakati huo VNC inarudi kutoka kwa mwanafunzi kuja kwako, kwa desturi kuanzia poti 5500. Ruhusu 5500 hadi 5530 kwa mtandao huo huo wa ndani.

Kuhusu kasi: skrini ya 1366 kwa 768 ni karibu MB 4 ikiwa haijabanwa. Unapowaonyesha wanafunzi wote skrini yako, seva hutuma nakala 20, moja kwa kila mashine, kwa hiyo kebo inayotoka kwenye seva kwenda kwenye swichi iwe ya gigabiti. Swichi ya 100 Mb/s itafanya wa mwisho aone kipanya chako kimechelewa sekunde kadhaa. Onyesha slaidi na maandishi. Video sambaza kama faili.

Dodoma mjini sasa. Modemu ya laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya umma, yaani inayofikika kutoka intaneti, hivyo kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia, na hata ingewezekana, usiianike poti 5900 (ya VNC) wala 3389 (ya RDP) kwenye intaneti. Kodi seva ndogo ya mtandaoni yenye anwani ya umma, halafu seva ya shule ndiyo iipigie kwa SSH, njia iliyofichwa ya kuingia kompyuta ya mbali:

ssh -N -R 2222:localhost:22 fundi@anwani-ya-seva

Tumia funguo za SSH badala ya nywila, na iendeshe kwa autossh ili ijiunganishe tena mtandao ukikatika. Weka xrdp, programu inayopokea RDP, kwenye seva ya shule. Ukiwa mjini:

ssh -J fundi@anwani-ya-seva -p 2222 -L 3390:localhost:3389 mwalimu@localhost

Fungua programu ya RDP kwenye kompyuta yako, elekeza localhost:3390, ingia, fungua Epoptes kana kwamba uko maabara. Ukikutana na skrini nyeusi mara baada ya kuingia, mara nyingi ni kwa sababu akaunti hiyo hiyo umeiacha wazi kwenye monita ya seva. Ifunge kabla ya kusafiri, au tengeneza akaunti ya pili ya mbali na uiongeze kwenye kundi la epoptes.

Haya yote yanategemea seva iwe inawaka. Kwenye BIOS chagua ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. UPS ihudumie seva, modemu na swichi pamoja. Wengi huiacha swichi nje, TANESCO wakikata mashine zote 20 zinapoteza mfumo wao na kuganda, hata zile zenye umeme wa jenereta.