Panya walitulia siku ya 17, wakaanguka siku ya 21: kasoro ni ya mbegu au ya kengele?

SWALI: Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Kigoma. Tunafuga panya wadogo weusi wa ukoo wa C57BL/6, ambao inasemekana hawashikwi na degedege la sauti, yaani kifafa kinachoamshwa na kelele kali. Watoto wao walipofikisha siku 17 tuliwapigia kengele ya umeme kwa dakika moja ili kuwatenga wenye kasoro. Wote walitulia. Tuliporudia siku ya 21, zaidi ya nusu walikimbia ovyo wakaanguka, na wawili wakafa. Je, mbegu imechanganyika na DBA/2, ukoo mwingine wa panya ambao hushikwa na degedege hilo? Au ni jenereta iliyo nyuma ya ukuta?

JIBU: Ndugu, kabla ya kulaumu mbegu au jenereta, itazameni kengele ya siku ya 17. Inaelekea kabisa kwamba ndiyo iliyowajengea panya wenu degedege la siku ya 21. Mwaka 1967 mtafiti Kenneth Henry alilionyesha jambo hili kwa ukoo huohuo mnaoufuga: mtoto wa C57BL/6 akipigiwa kengele kali katika umri wa siku 16 hivi, wakati ule haanguki, lakini akiisikia tena siku chache baadaye hushikwa.

Panya huzaliwa kiziwi. Huanza kusikia karibu siku ya 12, na kwa wiki moja hivi inayofuata koklea (sehemu ya sikio la ndani inayogeuza sauti kuwa ishara za neva) na njia za neva za kusikia bado zinakomaa. Kelele kali katika siku hizo huumiza sikio, na ubongo unaanza kupokea ishara hafifu. Kolikulasi ya chini, kituo cha kusikia kilicho katika ubongo wa kati, hujibu kwa kuongeza wepesi wake wa kusisimka. Ni kama redio inayokamata kituo cha ng'ambo ya ziwa kwa shida: unafungua sauti hadi mwisho, kisha mawimbi yanakaa sawa ghafla na spika inapasuka kwa kelele. Mabadiliko hayo huhitaji muda. Mngerudia kengele jioni ileile pengine msingeona kitu. Baada ya siku mbili hivi hali huwa wazi. Siku nne mlizoziacha zilitosha kabisa.

Kuziba masikio, kutoboa kiwambo cha sikio, au kutoa dawa inayoharibu seli za kusikia kama kanamaisini katika umri huo huweza kuleta hali ileile bila kelele ya awali. Ndiyo maana nashauri mpasue masikio ya wale wawili waliokufa. Usaha katika sikio la kati nao hupunguza usikivu, na maambukizi ya namna hiyo hupita kimyakimya katika vizimba vingi.

Kuhusu DBA/2: hawa huanguka mara ya kwanza kabisa wanaposikia kengele, hasa karibu na siku ya 21, kisha tabia hiyo hupungua wakikua. Msitegemee rangi, maana mtoto wa C57BL/6 na DBA/2 hutoka mweusi vilevile.

Jaribio la kumaliza ubishi ni rahisi. Chukueni angalau matumbo sita mapya, yaani watoto wa uzazi sita, kila tumbo mligawe nusu kwa nusu. Nusu moja ipigiwe kengele siku ya 17. Nusu nyingine iwekwe katika chombo cha aina ileile kwa dakika moja, kengele ikiwa imezimwa, na wakae mahali ambapo hawatasikia ya wenzao. Siku ya 21 wote wapigiwe, mara moja tu. Walioisikia kwa mara ya kwanza wakitulia na wenzao wakaanguka, jibu mnalo. Wakianguka wote, ndipo mtafute kelele za chumbani, ugonjwa wa masikio, na mpime vinasaba. Katika hesabu linganisheni nusu mbili za kila tumbo, wala msihesabu kila mtoto peke yake, kwa sababu ndugu wa tumbo moja hufanana mno.

Sauti ipimwe ndani ya chombo, usawa wa kichwa cha panya. Lengo la desibeli 110 linatosha. Programu ya simu haifai hapa: maikrofoni yake huzidiwa na sauti kubwa, na haipimi masafa ya juu (sauti nyembamba sana) ambayo panya husikia, hadi karibu kilohezi 100. Kwa sababu hiyohiyo jenereta inanitia wasiwasi mdogo kuliko mnavyodhani. Mngurumo wake mzito uko chini ya masafa ambayo panya husikia vizuri. Hofieni zaidi chuma kukwaruza chuma, mifuniko ya vizimba, funguo, bomba linalovuja na mlio wa betri ya akiba umeme unapokatika. Kipokezi cha sauti za popo kitawaonyesha yale ambayo masikio yenu hayapati.

Panya akianza mbio za ovyo, zimeni kengele papo hapo. Baada ya mbio huanguka ubavu akirusha miguu, kisha miguu ya nyuma hunyooka kabisa na pumzi inaweza kukoma. Hapo mna sekunde chache tu: akisukumiwa hewa mara moja anaweza kurudi.

Kuanzia sasa, kadi ya kila kizimba iandikwe tarehe ya kuzaliwa na kila kelele kubwa iliyotokea kati ya siku ya 12 na ya 21, hata ile ya dakika moja.