Malori mangapi kwenda Mwanza Kusini?

Mkuu, umeuliza programu yako ya kuiga kazi ya bandari iweke malori mangapi ya kuhamisha makontena kutoka yadi hadi bandari ya Mwanza Kusini. Hesabu ya kuanzia ni nyepesi: makontena kwa saa mara muda wa mzunguko mmoja. Ukitaka 12 kwa saa, na lori linaenda na kurudi kwa dakika 40, hayo ni malori 8 (kontena moja moja).

Shida ni winchi, mtambo wa kunyanyua makontena bandarini. Ikitumia dakika 5 kwa kontena, uwezo wake ndiyo hizo 12, haina pumzi. Lori likikwama barabarani, muda ule umepotea. Kwa modeli rahisi ya winchi moja, malori yakija na kuhudumiwa kwa nasibu (muda unabadilika bila mpangilio), winchi ikiwa kazini 80% utakuta wastani wa malori 4 pale, yanayosubiri pamoja na linalohudumiwa. Ikifika 90%, yanakuwa 9! Kwa hiyo usiweke wastani mtupu, weka nasibu.

Halafu MV Umoja, meli ya Ziwa Victoria, hubeba mabehewa ya treni yenyewe, mzigo unashuka kwa mkupuo. Anza na ratiba ya meli, malori baadaye.