Kabla ulipe dipoziti ya duka huku Nakuru, uliza watu wanashinda wapi

Mwaka wa 2022 nilifungua hoteli ya lanchi Kiamunyi na ikanikula pesa miezi mitano mfululizo, kwa hivyo haya naandika kama mtu ameungua vidole, si mtu ametoka semina.

Vile ilianza ni hivi. Nakuru ilikuwa imepewa charta ya siti, yaani kuwa jiji, Desemba 2021, kila redio ni siti siti, kila mwenye ploti amepandisha bei, na mimi nikajiona msomi nikaingia intaneti kutafuta takwimu za kaunti. Na ziko, mtu asikuambie Kenya hakuna data. Kuna CIDP, huo mpango wa kaunti wa miaka mitano, huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kuna ripoti ya KNBS, shirika la takwimu la serikali, ya kuonyesha kila kaunti inaleta kiasi gani kwa uchumi wa nchi, na ile ya kwanza iliyotoka 2019 iliweka Nakuru nambari mbili nyuma ya Nairobi, asilimia 6.1. Halafu sensa ya 2019, kaunti nzima watu 2,162,202. Nikatoka kwa simu nikaenda Kiamunyi kuangalia na macho, hapo barabara ya kwenda Kabarak, nikaona fleti zinaota kama uyoga, kila geti gari, nikasema hawa watu wote lazima wanakula.

Nikalipa rent KSh 12,000 na dipoziti ya miezi miwili, nikanunua jiko, masufuria, meza sita za plastiki, nikaandika wapishi wawili. Siku ya kwanza tulipika pilau, ndengu, madondo na chapati hamsini. Saa saba mchana barabara imenyamaza mpaka unasikia kuku wa ploti ya tatu. Walioingia ni mafundi watatu wa mjengo na askari wa geti aliyekuja kuomba maji moto. Zile chapati tulizila sisi wenyewe mpaka Alhamisi.

Nilidhani ni mambo ya tangazo, nikachapisha bango kubwa, nikapunguza bei ya pilau, wapi. Mwezi wa tatu ndio shosho mmoja anayeuza mboga kando yangu alinionea huruma. Akaniambia, "Kijana wangu, hawa watu wanakula taoni. Huku wanakuja kulala." Nikamwambia, sasa shosho, mbona hukuniambia mapema? Akasema, "Hukuniuliza, na ulikuwa umeshapaka rangi."

Hiyo jioni nikarudi kwa sensa na nikaona kitu nilikuwa nimepita mbio. Sensa yetu inahesabu mtu pale alipolala, ile ya 2019 ilikuwa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Yaani zile namba za lokesheni nilizokuwa nimeshika kama biblia ni watu wakiwa kitandani! Hazisemi saa saba mchana wako wapi. Watu wa Kiamunyi saa kumi na mbili na nusu asubuhi wako steji, wanarudi saa moja usiku, na wakirudi hawataki kuketi kwa meza yako, wanataka kitu ya kubeba waende wavue viatu.

Nikabadilisha. Saa kumi na moja asubuhi tunauza chai na mandazi ya kubeba, mchana tunafunga, kutoka saa kumi na moja jioni ni chapati, maharagwe yaliyochemshwa tayari (gesi ni ghali, hakuna mtu anataka kuchemsha maharagwe masaa mawili) na sukuma iliyokatwa, hiyo ya sukuma tukagawana na shosho. Na maji. Visima vingi vya huku vina floraidi, ile inafanya meno ya watoto yawe kahawia, kwa hivyo watu wananunua maji ya kunywa. Nikaleta mitungi ya lita 20, na saa hii mitungi ndio inalipa rent, chakula ni faida juu.

Sasa ukishaelewa hiyo, soma takwimu za kaunti tena na jicho lingine. Kaunti ina sabukaunti 11 na kila moja pesa yake ina saa yake. Njoro ni chuo kikuu cha Egerton, ukiweka sinema ama duka la fotokopi pale ujue wanafunzi wakifunga unabaki na mbwa wa kampasi. Molo na Kuresoi ni viazi, mkulima akivuna analipa deni lote na kununua mabati siku moja, kabla ya hapo ni kukopa tu, na kama huna moyo wa kuandika madeni kwa kitabu usiende huko. Salgaa ni madereva wa malori, mambo yanachangamka usiku wakati wewe unafunga. Naivasha ndio wageni wanaipenda sana kwa karatasi: mvuke wa Olkaria wa kutengeneza stima, mashamba ya maua, reli ya SGR iliyofika huko 2019. Yote ni kweli. Lakini stima ya Olkaria haiji kununua soda kwako. Anayenunua ni mfanyakazi wa maua anayeishi Karagita, na yeye anaishi kwa mshahara, wiki ya kwanza ni mfalme, wiki ya tatu anakula kwa kitabu cha duka.

Leseni nisiseme sana. Bei ya pemiti inategemea aina ya biashara na ukubwa, na zimeandikwa kwa Finance Act ya kaunti, sheria ya ada na ushuru, isome wewe mwenyewe badala ya kuuliza mtu wa korido. Ukiuza chakula, kila anayeshika chakula awe na cheti cha afya na kinaisha baada ya miezi sita, mimi mpishi wangu mmoja chake kilikuwa kimepita wiki mbili na hiyo siku nililala nikiwa mdogo sana.

Kitu kingine, kabla ulipe, keti hapo nje ya duka unalotaka. Siku tatu, Jumanne, Ijumaa na Jumapili, beba kalamu, hesabu miguu inayopita mlango saa moja asubuhi, saa saba, saa moja usiku. Na uangalie wanabeba nini mkononi, kama wanashuka na mifuko ya supamaketi ujue pesa imebaki taoni.

Binamu yangu amenipigia juzi, amepata duka Karagita, anataka kutuma dipoziti leo leo kwa sababu alienda akaona watu wamejaa mpaka barabarani. Nikamuuliza ulienda tarehe ngapi. Akasema tarehe mbili. Nikamwambia asitume kitu, arudi hapo tarehe 20 na aketi kutoka asubuhi mpaka usiku. Amenuna, anasema duka litachukuliwa.