Maswali na Majibu: Kitengo cha materio kimepata viongozi wapya, sasa muwaulize nini?

Mara hii maswali karibu yote yanazunguka chaguzi za vitengo vya materio (yaani malighafi za uhandisi kama chuma, zege na plastiki) kwenye jumuiya za mainjinia, hasa ile ya mainjinia wa mitambo ya Marekani, ASME. Nimechagua machache.

Wenzako wakisikia kitengo cha materio cha ASME kimepata uongozi mpya wanaweka majina na pongezi, wewe kimya. Kwa nini? (Morogoro)

Pongezi zimejaa kwenye magrupu, hazihitaji msaada wangu. Ninachotaka watu waelewe ni kiti chenyewe. Kule kamati tendaji ya kitengo inaenda kwa zamu, mtu anaingia mjumbe wa kawaida anapanda ngazi moja moja mpaka anafika uenyekiti, kwa hiyo huyo mnayemwita mpya ameshakaa mezani miaka kadhaa na alichofanya kipo, kakitafuteni. Kitengo kinaandaa mikutano ya kitaalamu na kutoa tuzo, ikiwemo medali ya Nadai ambayo ipo toka 1975. Viwango vyenyewe, yaani kanuni za kiufundi ambazo mainjinia wanafuata, vinaandikwa na kamati nyingine, ila nako wanaokaa ni wataalamu wa kujitolea kama hawa hawa.

Na kwa nini viwango? Machi 20, 1905 boila (mtambo wa kuchemshia maji kuwa mvuke) ya kiwanda cha viatu cha Grover pale Brockton, Massachusetts ililipuka, jengo likaanguka na moto ukawaka, wakafa watu 58. Chuma kilikuwa na ufa umejificha kwenye maungio ya rivet ambapo jicho halifiki. Jimbo likatunga sheria za boila 1907, halafu ASME ikatoa kodi yake (siyo ushuru, ni kitabu cha kanuni za boila), toleo la kwanza ni la 1914, na kodi hiyo bado inatumika mpaka leo ikiboreshwa kila mara. Kazi ya watu wa materio inaishia kwenye uhai wa mtu asiyejua hata kama kamati ipo, ndo maana sipendi tuishie kupiga makofi.

Mwenyekiti wa kitengo anaweza kumfutia injinia usajili? (Dodoma)

Hapana. Hili nimeshalijibu mara nyingi mno, na wanaouliza ni mainjinia! Tanzania anayesajili na kufuta ni ERB, bodi ya usajili wa mainjinia, kwa sheria ya 1997, Kenya ni EBK, bodi ya mainjinia, kwa sheria ya 2011. IET ya Tanzania na IEK ya Kenya ni vyama vya kitaaluma vya mainjinia, unajiunga mwenyewe unalipa ada. Usipeleke malalamiko chama halafu ulie hujasikilizwa.

Mwenye kiwanda cha nondo anaruhusiwa kugombea uongozi wa materio? Kwetu yupo mmoja na watu wanasema ana uzoefu. (Mombasa)

Uzoefu anao, sibishi, na kamati isiyo na watu wa viwandani itaandika vitu visivyotengenezeka. Lakini hili swali lina historia na kila anayepiga kura angeijua. Mwaka 1971 kampuni ya McDonnell & Miller, iliyokuwa inauza kifaa cha kuzima moto wa boila maji yakipungua, iliona mshindani mdogo anaitwa Hydrolevel anakuja na kifaa chake. Makamu wa rais mmoja wa kampuni hiyo alikuwa pia makamu mwenyekiti wa kamati ndogo ya ASME inayohusika na eneo hilo hilo. Ikaandikwa barua ya kuuliza tafsiri ya kodi, mwenyekiti wa kamati ile ile akishiriki kuiandaa, kisha yeye huyo huyo akaandaa majibu, na majibu yakatumika kuwaambia wateja kwamba kifaa cha Hydrolevel hakikidhi kodi. Yaani muulizaji na mjibuji walikaa pamoja. Kesi ikafika mpaka Mahakama Kuu kabisa ya Marekani na mwaka 1982 majaji, 6 kwa 3, wakasema ASME yenyewe inawajibika, kwa sababu watu wale walitumia jina lake hata kama ni wa kujitolea na wasiolipwa.

Sasa rudi kwenu. Huyo mwenye kiwanda agombee, ila kabla ya kura atangaze maslahi yake kwa maandishi, na siku nondo zinajadiliwa atoke nje ya chumba. Akikataa hilo msimpe, hata akiwa na shahada tano. Na asiwasimamie watu wanaopima nondo za kiwanda chake, hapo sina mjadala.

Mimi fundi nondo tu, uchaguzi wa maprofesa unanihusu nini? (Mbagala)

Unakuhusu kuliko wao, wewe ndo unasimama chini ya zege bichi. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar, lilianguka likaua watu 36. Novemba 16, 2024 Kariakoo tena. Sisemi kila jengo linaangushwa na materio, kuna uchimbaji mbovu, kuna kuongeza ghorofa bila hesabu, lakini nondo nyembamba na zege la maji mengi vinaondoa ile akiba ambayo ingekuokoa makosa mengine yakitokea. Viongozi wa materio wakiwa wanatembelea saiti na maabara badala ya mahoteli wewe utaona tofauti. Waulize wamepanga kufika wapi.

Nondo ya mm 12 ya mita 12 ina kilo ngapi?

10.66. Kupungua kunaruhusiwa asilimia chache tu, ikisoma 9 irudishe dukani siku hiyo hiyo, usisubiri ikae kwenye nguzo.

Saruji ya 32.5 na 42.5 ipi nzuri?

Soma mfuko jamani, na someni majibu ya nyuma. Namba hizo ni daraja la nguvu ya saruji: 32.5 ya plasta na kujengea, 42.5 ya nguzo, mihimili na slabu. Ukizidisha maji hata hiyo 42.5 haikusaidii.

Nasoma Arusha, nataka siku moja niwe kwenye kamati za materio za kimataifa. Nianzie wapi?

Upo sehemu nzuri, chuo cha Nelson Mandela wanafundisha sayansi na uhandisi wa materio, na mkutano wa jumuiya ya Afrika ya utafiti wa materio, AMRS, ulifanyika hapo hapo Arusha Desemba 2019, kwa hiyo usiniambie dunia iko mbali. Jiunge na kitengo kama mwanafunzi, omba kazi ndogo zisizopendwa kama kupitia paper na kuandika mihutasari, fanya kwa wakati. Jifunze kupima kwa mikono yako mwenyewe, vunja kyubu (vipande vya zege vya kupimia nguvu) za siku 7 na za siku 28 na uandike namba uliyoiona, hata kama bosi alitaka nyingine. Atakayekwambia cheo kinapatikana kwa kuchangia sherehe ya mgombea, mkatalie.