Dogo anapanda mapagala kurekodi video? Anza na anayemshikia simu

Mkuu umeuliza ufanyeje na mdogo wako wa miaka 19 anayepanda mapagala na minara, anajining'iniza huku anarekodiwa, na wadau wengi wamekujibu mnyang'anye simu. Mimi naomba niongee kama mtu niliyekuwa nyuma ya hiyo simu, maana kwa miaka kama miwili hivi mimi ndo nilikuwa namshikia mshkaji wangu kamera, na siku anadondoka nilikuwa hapohapo.

Tulianza na vitu vya kitoto, kuruka kuta, kutembea kwenye ukingo, video inaangaliwa na watu mia mbili tunafurahi tunalala. Kuna moja akasimama mguu mmoja kwenye ukingo wa ghorofa ya pili, ikaangaliwa na watu elfu arobaini usiku mmoja, hapo ndo tukaharibika, kwa sababu kuanzia siku ile video ya mguu mmoja haikututosha hata sisi wenyewe. Komenti ni "hiyo hata bibi yangu anaweza", "panda juu zaidi kama kweli mwanaume". Yaani mtu hajui hata jina lako lakini anakupangia ghorofa ya kupanda, na wewe unapanda!

Siku yenyewe ilikuwa pagala, ghorofa ya tatu. Mpango ajining'inize kwa mikono kwenye ukingo wa zege, ahesabu mpaka kumi, ajivute arudi juu. Akafanya, safi kabisa, akapanda anacheka. Naangalia simu hamna kitu, nilikuwa nimebonyeza mara mbili, ikaanza ikajizima. Nikamwambia mwana haijashika. Hata hakukasirika, akapangusa viganja kwenye suruali akasema poa narudia, na hazikupita dakika mbili akawa ananing'inia tena.

Sasa hapa ndo wengi wanapokosea, wanadhani mchezo ule ni wa ujasiri. Ni wa misuli ya hapa chini ya kiwiko, basi. Ukikaza mkono muda mrefu damu inabanwa haipiti vizuri kwenye misuli, nguvu inaisha haraka, na kuirudisha kunataka mapumziko ya maana siyo kupangusa jasho. Halafu kushuka ni rahisi, shughuli ni kujivuta kurudi juu, na shughuli hiyo inakuja mwishoni wakati mikono ishachoka. Alipofika saba nikaona kidevu kinatetemeka, akajivuta, kifua hakikufika kwenye ukingo, akajaribu tena, vidole vikaanza kuteleza kwenye vumbi la saruji. Alitua kwa miguu kwenye kokoto. Visigino vyote viwili vilivunjika na pingili moja ya mgongo, na alishukuru Mungu kwa hilo kwa sababu angetangulia kichwa nisingekuwa naandika hivi.

Ile klipu ina sekunde 14. Sauti inayosikika ni yangu, nasema "nzuri nzuri, kaa hivyohivyo". Na baada ya kudondoka simu imeendelea kurekodi sekunde tatu nzima kabla sijaishusha. Hizo tatu ndo zinanisumbua mpaka leo. Na yeye wodini, swali lake la kwanza kwangu: "safari hii imeshika?"

Baadaye nikaja kusoma habari za Wu Yongning wa China, jamaa alikuwa maarufu kwa kupanda maghorofa bila kamba. Novemba 2017 alining'inia kwenye jengo la ghorofa 62 kule Changsha, akiwa peke yake, kamera kaitega mwenyewe. Akajivuta kidogo kama mazoezi, halafu akataka kurudi juu ikashindikana, akahangaika, akaachia. Nilivyosoma nikaweka simu chini, ni kilekile nilichokiona kwa macho yangu. Ndugu zake walisema alikuwa anafukuzia yuani 100,000. Mama yake akaishtaki kampuni iliyokuwa inarusha video zake, mahakama ya Beijing mwaka 2019 ikaamua alipwe 30,000.

Na wewe unayeshika simu usidhani uko salama eti hujapanda. Juni 2017 huko Minnesota, Marekani, kijana mmoja alimshawishi mpenzi wake amfyatulie bastola kifuani kupitia kitabu kinene, kwa ajili ya YouTube. Alishamwonyesha kitabu kingine alichokijaribu na risasi haikupenya. Hiki ikapenya. Yeye akafa, binti akahukumiwa siku 180 jela. Ona, na hapo pia jaribio la kwanza lilikwenda vizuri.

Wala usimchunge kwenye maghorofa tu. Kuna watafiti walikusanya vifo vya watu waliokuwa wanajipiga selfi kuanzia Oktoba 2011 mpaka Novemba 2017 wakapata 259, na kilichoongoza ni maji, watu kuzama.

Kwa hiyo mkuu simu usimnyang'anye, atapewa ya rafiki. Kuna mtu lazima anamshikia, au anamsindikiza, au anamhariria video, mtafute huyo ukae naye, maana yeye hana ile damu ya moto, yeye anaogopa ila anaona aibu kusema. Mimi niliogopa kila siku na sikuwahi kusema hata mara moja. Muulize swali moja tu, video isiposhika anamwambia nini mwenzake. Mimi ningesema imeshika, hata kama ni uongo, tukashuka, lawama ningezikuta nyumbani. Na dogo mwenyewe acha kumlaiki hata kwa utani, na ndugu zako waache.

Mshkaji anatembea sasa hivi ila ngazi anashuka kiubavu. Klipu bado ninayo, haijawahi kuwekwa popote. Mwezi uliopita kaniomba nimtumie, anasema imeshapita muda, itatrendi. Sijamjibu.