Madume wa sato waliobalehe wakiwa wadogo

Mkuu, umeuliza kwa nini madume wako wa sato huko Bunju wamekoma kukua wakiwa wa kiganja tu, wamekolea rangi, wanachimba chini ya bwawa, na kama uwatafutie chakula chenye homoni. Usiwatafutie. Homoni wanazo tele, na ndizo zilizowafikisha hapo.

Mimi nafuga Kigamboni. Nikishuku hali hiyo namkamata dume mmoja, namgeuza tumbo juu, naminya taratibu kuelekea mkiani. Yakitoka majimaji meupe kama tui, huyo kashabalehe, hata akiwa na gramu 30. Sato wakibanana bwawani hukomaa na uzito huo huo.

Amri inatoka ubongoni. Haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, inatoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo inamwaga mbili kwenye damu, FSH na LH, zinazofika kwenye korodani. Hapo mbegu zinaanza kutengenezwa na homoni ya kiume inatoka. Kwa samaki, iliyo kuu ni 11-ketotestosteroni, siyo testosteroni tunayoisikia kwa binadamu. Ndiyo inayoleta rangi, ubabe na kuchimba viota. Pumba na dagaa unaowamwagia vinaishia kwenye ugomvi.

Na usidhani ukiwavua wababe umemaliza. Kuna samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni, ambaye mwanasayansi Russell Fernald alimchunguza miaka mingi huko Marekani. Mbabe akiondolewa, dume mnyonge hubadilika rangi ndani ya dakika chache, na baadaye seli za ubongoni zinazotoa ile homoni ya kwanza hunenepa. Yaani nafasi ikipatikana tu, mwili unaitikia.

Hiyo methiltestosteroni unayoisikia, homoni ya kiume ya kutengenezwa inayochanganywa kwenye chakula ili samaki wawe madume, ni ya vifaranga: miligramu 60 kwa kilo ya chakula, siku 21 hadi 28, tangu wanapoanza kula, wakati jinsia bado haijajipanga. Wako muda huo umepita, utapoteza hela bure. Na anayeichanganya avae glavu na barakoa, tafadhali sana.

Kausha bwawa, wachambue. Kagua kitundu cha nyuma ya tumbo: jike ana mpasuko wa ziada wa kutolea mayai, dume hana. Majike weka kwingine au uza, na madume uwarudishe wachache. Kuchimba watachimba bado, ila hakutakuwa na vifaranga wa kugombania nao chakula.